Tuinue Masanduku Kabla ya Masika

Ndugu zangu wa Sindeni, nanyi wenzetu wa Korogwe na Handeni mjini,

Hatuna jengo la makumbusho. Tulichonacho kimo majumbani: ngoma ya ukoo, jembe la mhunzi ambalo babu alikataa kuliuza, picha za harusi, hati za mashamba, daftari la kijiji la enzi za ujamaa. Vingi vimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na maji yakiingia ndani huanzia hapo hapo.

Oktoba 2019 tuliyaona. Mvua iliua watu katika wilaya zetu na kukata mawasiliano ya barabara. Tulihesabu marehemu na nyumba, na ndivyo ilivyopasa. Sikumbuki aliyeuliza ni madaftari mangapi yaliyogeuka tope.

Ukame nao huchukua, tena zaidi ya vitu. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani, wakavushwa kwa majahazi hadi Somalia na kufanywa watumwa. Vita vya 1991 vilipowafukuza wazao wao kutoka bonde la Mto Juba, baadhi walikimbilia huku, wakapewa makazi Chogo, Handeni. Walifika wakisema Kizigua! Zaidi ya karne moja na nusu ugenini, na lugha haikupotea, kwa kuwa wazazi waliendelea kuwasimulia watoto.

Sisi tuliobaki hatuna hakika kwamba yetu hayatapotea. Mzee akifa bila kusikilizwa, hakuna mvua ya kulaumu.

Basi mkutano mkuu wa kijiji ujao uwe na ajenda hii. Kila kaya ipandishe sanduku lake juu ya meza au kichanja. Vijana wenye simu wapige picha hati na madaftari, nakala zitumwe kwa ndugu walioko Tanga au Dar es Salaam. Wazee warekodiwe kwa Kizigua, kwa ridhaa yao. Ya tambiko yasiyosemwa hadharani yabaki kwao. Na maji yakishaingia, tusianike karatasi wala ngoma juani: karatasi hujikunja, ngozi na mti hupasuka. Zikauke kivulini, penye upepo, taratibu.

Hakuna kinachohitaji mfadhili hapo. Kinachohitajika ni mwenyekiti wa kijiji kukubali, na sisi kumfuata nyumbani kwake wiki hii, maana Machi haiko mbali.