Magaga Sawa, Lakini Hiyo Beseni!

Pedikyua ni poa, siipingi. Na nyinyi wasee mnaocheka jamaa akienda kufanyiwa, vueni soksi kwanza tuone.

Shida yangu ni ile beseni. Imetoka kuosha miguu ya watu watano, maji yamemwagwa tu, sasa ni zamu yako. Jiwe la kusugulia magaga ni la kila mtu. Wembe nao? Huo umekwangua kisigino cha nani? Na wewe umenyamaza, eti utaonekana unaringa.

Ukibeba fangasi hapo, ukucha wa kidole kikubwa cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kuota wote upya. Rangi itaficha, haitaponya.

Uliza vifaa vimeoshwa na nini. Akikasirika, chukua viatu vyako utoke.