Leteni Majiko na Taa Zenu, Tukutane Usagara

Ndugu zangu mnaounda majiko na taa kwa mikono yenu, wengine kwa riziki na wengine kwa mapenzi tu, nawaomba mtoke uani. Tutafute Jumamosi moja ya kiangazi, tukutane Usagara mahali pa wazi, kila mtu na alichokiunda. Tuwashe, tupike, tuulizane maswali, na giza likiingia tuwashe taa.

Usagara inafaa kwa sababu njia zinakutana pale. Anayetoka Shinyanga anapita Misungwi na kufika, wa Mwanza mjini anapita Buhongwa, na wa Magu anakatisha Kisesa bila kukaa kwenye foleni za jiji. Njia ya nne inakwenda Kigongo, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, fundi wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Anavuka kilomita tatu za maji na jiko lake kwenye bodaboda, anafika mapema.

Vitu vya kuonyesha tunavyo, ila kila kimoja kimejificha nyumbani kwa mwenyewe. Yupo anayechomelea miguu kwenye rimu ya gari chakavu, ikawa jiko la nyama linalodumu miaka. Yupo mwenye jiko la maranda: debe limetobolewa ubavuni kwa chini, chupa inasimamishwa katikati, kijiti kinene kinapitishwa kwenye tundu mpaka kiiguse, maranda yanashindiliwa kuvizunguka, kisha vyote viwili vinachomolewa taratibu na nafasi zake zinakuwa njia ya hewa na moto. Likishika vizuri linapika maharage mpaka yaive bila kuongezewa kitu. Misungwi ni nchi ya mpunga, na pumba zinarundikana mashineni mpaka zinageuka kero. Pumba ni jeuri kuliko maranda, zinasongamana, hewa inakosa pa kupita na moshi unajaa. Aliyekwisha kupata dawa ya hilo, hata kwa kubahatisha, ana kitu ambacho vijiji vingi vinakihitaji, na huenda jirani yake wa nyumba ya tatu hajui.

Kwa upande wa taa, mabingwa ni wavuvi wa dagaa. Miaka mingi walibeba karabai ziwani usiku wa giza ili dagaa wafuate mwanga. Walijua kupampu, kuzibua sindano na kubadili soksi iliyochanika, huku mtumbwi unayumba. Siku hizi wengi wanatumia balbu za LED na betri, na humo umeingia ufundi mpya ambao hakuna aliyekaa kuuandika: namna ya kuziba taa isiingize maji, kuipa boya lisilopinduka, kujua betri ipi itafika alfajiri. Mtu anayeweza kuweka taa juu ya Ziwa Victoria usiku kucha anaweza kumfundisha mwanafunzi wa Usagara kuunda taa ya kusomea ili aachane na koroboi, ambayo inamlisha mtoto moshi na kisha ikianguka inachoma nyumba.

Kwa ajili ya wavuvi hao napendekeza tuchague Jumamosi ya siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Wakati huo mwanga wa mwezi unawaharibia uvuvi, kwa hiyo wako nyumbani. Tena mwezi unachelewa kuchomoza, na jua likizama karibu na saa moja jioni, tunapata muda wa giza la kutosha kulinganisha taa zetu.

Kuna wanaodhani jambo kama hili ni la wazungu wenye muda wa kupoteza. Ni kweli kwamba huko Oregon, Marekani, kituo cha utafiti cha Aprovecho huandaa kambi ya majiko wakati wa kiangazi, watu wanaunda jiko, wanalipima, wanalibomoa na kuliunda upya. Larry Winiarski wa kituo hicho ndiye aliyebuni jiko la roketi mwanzoni mwa miaka ya 1980, lile linalounguza kuni kwa ncha tu ndani ya njia fupi iliyopinda kwenda juu, joto likiwa limezuiliwa lisipotee pembeni. Lakini sisi hatuhitaji kwenda Oregon kujifunza kushindana uwanjani. Bujora, hapo Kisesa, kila msimu wa mashindano ya ngoma ya Bulabo, vikundi vya Wagika na Wagalu wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ushindani huo wa hadharani ndio unaowafanya wabuni mtindo mpya kila mwaka. Majiko yetu hayajawahi kupewa uwanja wa namna hiyo.

Tuyapime kwa haki. Sufuria zinazolingana, maji lita mbili kila moja, mkaa uliopimwa kwenye mizani, na mtu mmoja mwenye saa. Maji yakichemka, tunapima mkaa uliobaki. Waamuzi wawe mama ntilie, maana wao ndio wanaojua jiko linalopendeza machoni na kuunguza wali chini. Fundi akiambiwa mdomo wa jiko lake ni mpana mno kwa sufuria za kawaida, asinune. Akakate bati upya.

Najua hofu yenu ya kuigwa, nayo si ndogo kwa mtu anayekula kwa kazi hiyo. Tazameni hata hivyo jiko la mkaa la Kenya, lile lenye kiuno na udongo ndani. Lilitengenezwa katika miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand, halikufungiwa na hataza, na mafundi bati wengi wa Afrika Mashariki wamelinakili wakapata riziki. Nakala mbovu zilitokea pia, za udongo unaopasuka upesi. Dawa yake ni mnunuzi kuona majiko mawili yakiwaka bega kwa bega, na hilo ndilo tunaloliandaa.

Najua pia kwamba Serikali imeweka mkakati kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na yenyewe hukadiria kuwa moshi wa jikoni unaua watu takriban 33,000 nchini kila mwaka. Naunga mkono mtungi wa gesi kwa moyo wote. Ila nyumba nyingi zenye mtungi bado zinarudi kwenye mkaa gesi inapoisha kabla ya mshahara, na jiko linalokula nusu ya mkaa wa jiko la kawaida linamsaidia mama wa nyumba hiyo leo.

Masharti ni machache. Petroli isije kabisa. Ndoo za mchanga ziwe karibu, watoto wakae nyuma ya kamba, na betri iliyovimba ibaki nyumbani.

Viongozi wa kata, tupeni uwanja. SIDO na VETA Mwanza, tupeni mwalimu mmoja mwenye mizani na uvumilivu. Walimu wa Skauti, leteni vijana wajifunze kupika nje kwa kuni tatu badala ya mzigo mzima. Nawe fundi, usingoje barua ya mwaliko. Mwambie mwenzako wa jirani, mkubaliane siku, mpeleke taarifa ofisi ya kata wiki hii, na siku ikifika njoo saa nane mchana na jiko lako, sufuria, kilo moja ya mkaa na kijana mmoja wa kumfundisha.