Mashine ya presha nyumbani na wasiwasi wa kuipima

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo ya mama mmoja ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe. Mumewe, mzee wa miaka 63, aligundulika mwaka uliopita kuwa na shinikizo la damu, na kijana wao akamnunulia mashine ya kupimia ili asisumbuke kupanda daladala kila mara kwenda zahanati. Zawadi ilikuwa njema. Lakini sasa, anasema mama huyo, nyumba nzima inaishi kwa amri ya mashine ile. Mzee hupima akiamka, hupima akitoka msikitini, hupima akimaliza kula, na usiku wa manane huwasha taa akapima tena. Akiona 150 hunyamaza. Akirudia akaona 162 hutokwa na jasho. Akirudia mara ya tatu akaona 171 huwaita watoto awausie. Mara mbili amekwisha kumeza kidonge cha ziada pasipo kumwuliza daktari, na mara ya pili alianguka bafuni. Swali la mama ni fupi: je, aifiche mashine?

Asiifiche. Shinikizo la damu ni maradhi yanayoweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya dalili yoyote, huku yakiichosha misuli ya moyo, yakiharibu figo, macho na mishipa ya ubongo. Wako wanaoamini kuwa watajijua kwa kuumwa kichwa au kisogo, na imani hiyo imewaponza wengi. Njia ya kuyajua ni kupima tu. Na vipimo vya nyumbani, vikichukuliwa kwa utaratibu, humsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha zahanati alichochukuliwa mgonjwa akiwa ametoka juani na kungoja foleni saa mbili.

Tena kuna jambo ambalo mzee huyu angefaa kusimuliwa. Mwaka 1983, mjini Milan huko Italia, Giuseppe Mancia na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wagonjwa waliokuwa wakipimwa shinikizo moja kwa moja ndani ya mshipa, mfululizo, bila kukatizwa. Daktari alipoingia na kuwasogelea kitandani ili awapime, shinikizo lao lilipanda, kwa wastani wa takriban milimita 27 za zebaki katika namba ya juu na 15 katika namba ya chini. Lilipanda katika dakika chache za mwanzo, kisha likaanza kushuka lenyewe. Wagonjwa wale hawakuwa wamekimbia wala kubeba mzigo. Walimwona daktari tu. Hali hiyo imepewa jina la koti jeupe, kwa sababu ya vazi la madaktari. Ama kwa mzee wetu, aliyevaa koti jeupe ni ile mashine iliyoko juu ya kabati.

Sababu yake si ya ajabu. Akili inapohisi hatari, mwili hutoa adrenalini. Moyo hupiga kwa nguvu na kwa haraka, mishipa midogo hubana, na shinikizo hupanda. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, na bila ya hivyo mtu asingeweza kumkimbia nyoka. Kwa hiyo mashine iliyoonyesha 171 haikusema uongo. Ilieleza hali ya mzee kwa dakika ile, naye dakika ile alikuwa mtu mwenye hofu. Lakini shinikizo linalodhuru viungo ni lile linalokaa juu siku nenda siku rudi, kwa miezi na miaka, na ndiyo maana madaktari hutazama wastani wa vipimo vingi. Hata mtu mwenye afya timamu shinikizo lake hupanda na kushuka mchana kutwa: huwa chini usingizini, hupanda asubuhi, hupanda akigombana na mwenye nyumba, hupanda akicheka. Anayelipima mara kumi na mbili kwa siku hana budi kukutana na namba zitakazomtisha.

Kupima na kurudia kupima kwa hofu kunafanana sana na wasiwasi wa udhu. Wanafikihi walikwisha kulieleza jambo hilo katika mlango wa tohara: mwenye wasiwasi akianza kurudia kuosha kiungo, hatosheki kwa mara ya tatu wala ya kumi, kwani kila kurudia huzaa shaka mpya. Tiba waliyoitaja ni kutoijali shaka ile na kuendelea mbele. Madaktari wanaotibu hofu wana rai iliyo karibu na hiyo: kitendo kinachoonekana kumtuliza mtu kwa dakika mbili ndicho kinachoilisha hofu yake, na dawa ni kukiwekea mpaka.

Mpaka wenyewe, katika suala hili, umekwisha kuwekwa. Utaratibu unaokubalika ni kupima asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba kabla ya kwenda kumwona daktari. Kila kikao vipimo viwili, vikiachana kwa dakika moja. Asubuhi iwe kabla ya kumeza dawa na kabla ya kula. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, maana aghalabu huwa juu kwa sababu ya ugeni, kisha vilivyobaki hutafutiwa wastani. Wastani huo ukiwa chini ya 135 kwa 85, kwa watu wazima walio wengi, hali ni ya kuridhisha. Namba hiyo ya nyumbani inalingana na 140 kwa 90 ya zahanati. Wako ambao daktari amewawekea lengo lao mahsusi, nao wafuate hilo. Juma likiisha, mashine irudi kabatini hadi daktari atakaposema tena. Kama hali imetulia, hapana haja ya kupima kila siku.

Namna ya kukaa nayo si jambo dogo. Mtu aende msalani kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha shinikizo. Nusu saa kabla ya hapo asinywe kahawa wala chai ya rangi, asivute sigara, wala asitoke kutembea. Kwa hivyo kupima mara tu baada ya kurejea kwa miguu kutoka msikitini hakufai. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili ikanyage sakafu bila kupishanishwa, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa kanzu. Atulie dakika tano. Asizungumze, na asizungumzishwe. Kuzungumza peke yake kwaweza kupandisha namba ya juu kwa milimita 10 hivi, ilhali nyumba zetu ndizo zile ambazo baba akifunga mkanda, wajukuu humzunguka na jirani humwuliza habari za shamba. Mkanda mdogo kuliko mkono husababisha namba kubwa isiyo ya kweli. Mwenye mkono mnene atafute mkanda mkubwa. Mashine za kufunga begani ni za kutegemewa zaidi kuliko za kufunga kifundoni.

Ikiwa mzee anatishika kuiona namba, basi asiione. Mama au kijana aisome, aiandike katika daftari pamoja na tarehe na saa, na uso wake usibadilike. Hili la uso si mzaha. Mgonjwa huusoma uso wa mpimaji kabla hajaisoma namba, na yule anayemaka "Masalaale!" kwa kuona 158 amekwisha kuharibu kipimo cha pili. Katika zile dakika tano mzee avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi kuliko alivyoivuta. Nyuradi alizozizoea zitamtuliza pia, ila azipitishe moyoni, asizitamke.

Tunakuja kwenye kile kidonge cha ziada, na hapa ndipo tunapohofia zaidi kuliko kwenye ile 171. Dawa nyingi za shinikizo zinazotolewa leo zimetengenezwa zifanye kazi polepole kwa mchana na usiku. Kuongeza kidonge kwa sababu ya namba moja kwaweza kuliteremsha shinikizo ghafla, ubongo na moyo vikakosa damu ya kutosha. Ile desturi ya zamani ya kutoboa nifedipini na kuidondosha chini ya ulimi ili presha ishuke upesi iliachwa baada ya wataalamu, katika miaka ya 1990, kuonya kuwa ilikuwa ikisababisha kiharusi na maradhi ya ghafla ya moyo. Hata sasa tunasikia majirani wakiazimana vidonge usiku. Kidonge kilichomfaa jirani kimepimwa kwa figo na moyo wa jirani.

Namba itakayofika 180 kwa 120 au kupita, mtu atulie, kisha apime tena baada ya dakika chache. Ikibaki hapo hapo naye hana dalili yoyote, awasiliane na daktari siku hiyo hiyo. Lakini ikiambatana na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, maneno kukokoteka, macho kutoona vizuri au kichwa kuuma kwa namna isiyo ya kawaida, hapo hapana kungoja dakika wala kupima tena: apelekwe hospitali. Na udhaifu wa upande mmoja au maneno kukokoteka kukitokea ghafla, mtu apelekwe hata kama mashine inaonyesha 130.

Kwa mama aliyetuandikia: kule kuanguka bafuni kusemwe kwa daktari, na vidonge vile viwili visifichwe, kwani bila habari hiyo daktari ataona namba kubwa tu na huenda akaongeza dawa. Mwombeni ampime mzee akiwa amekaa kisha akiwa amesimama, maana wako wazee ambao shinikizo lao huporomoka wanaposimama. Semeni pia kwamba halali na kwamba huwaita watoto kuwausia. Hofu ya kiasi hicho inatibika, nayo ni sehemu ya maradhi yaliyompeleka hapo. Na mkienda, ichukueni mashine pamoja na mkanda wake na daftari, ipimwe kando ya ile ya zahanati.