Ghala la programu lifike halmashauri: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA),
Dodoma.

YAH: NAKALA YA GHALA LA PROGRAMU HURIA KWA SHULE NA OFISI ZA HALMASHAURI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Nyamilangano, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu. Mimi ni fundi wa kompyuta. Wateja wangu ni shule za kata, ofisi za vyama vya ushirika vya tumbaku (AMCOS) na steshenari, kuanzia hapa hadi Ulowa na Bulungwa. Ombi langu kuu ni hili: Mamlaka yako iweke nchini nakala kamili ya ghala la programu la Debian, mfumo endeshi huria wa aina ya Linux, kisha nakala hiyo imfikie Afisa TEHAMA wa kila halmashauri ikiwa ndani ya diski. Jambo hili likitajwa kwa mkato huonekana dogo, kwa hiyo naomba uvumilivu wako nilieleze.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai kompyuta yenye TPM 2.0, na kwa zile za Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nyingi ninazozikuta shuleni ni za kizazi cha tatu na cha nne, zilizoletwa na wafadhili au kununuliwa mitumba Kahama mjini. Ni nzima. Ukizipuliza vumbi, ukaongeza RAM na kuweka SSD, zitafundisha watoto miaka mingine mingi. Lakini kwa masharti ya mwenye programu zimeshakuwa chakavu, na nimeanza kuziona stoo, zimepangwa nyuma ya madawati yaliyovunjika. Inaniuma, kwa sababu shule iliyopata kompyuta kumi kwa bahati haijui itapata nyingine lini.

Zinazobaki darasani zinapigwa window iliyovunjwa leseni. Programu ya kuvunjia leseni hutaka kwanza kinga ya virusi izimwe, na ikishazimwa hakuna anayekumbuka kuiwasha. Mwalimu anapeleka mtihani steshenari kwa flashi, anarudi nayo, anaichomeka ofisini, na mafaili yote yanageuka shotikati. Kazi ya muhula imekwenda. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Watu wanatumia kilichopo mkononi, na kilichopo ni flashi ya fundi.

Serikali yenyewe inaishi na programu huria kila siku. Taarifa za MTUHA za zahanati zetu zinaingia DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kujengewa mizizi hapa nchini na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyopewa walimu vinaendeshwa na Android, ambayo kiini chake ni Linux. Nayo mifumo anayohitaji mtumishi wa umma, kama ESS, PEPMIS na NeST, inafunguliwa kwa kivinjari. Mwalimu mkuu mwenye Firefox juu ya Debian ana kila anachohitaji ili kuingia humo.

Tatizo ni bando. Leseni ya Linux hailipiwi, lakini namna ya kupata programu zake imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti muda wote. Ukitaka programu unaandika amri, kompyuta inakwenda kwenye ghala lililo mbali, inachukua kifurushi pamoja na vifurushi vingine ambavyo hicho kinavitegemea, inavisakinisha. Mwenye faiba ya ofisini haoni taabu. Shule ya Uyogo inayotegemea simu ya mwalimu haiwezi kuchukua gigabaiti mbili kwa kompyuta moja, sembuse ishirini, kila moja ikipakua upya kitu kilekile.

Na mambo yanazidi kuelekea huko. Ubuntu, Linux nyingine iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta hadi mwaka 2011. Leo inahamishia baadhi ya programu kwenye vifurushi vya Snap, ambavyo huchungulia masasisho mara nne kwa siku na kutoka kwenye duka moja linalomilikiwa na kampuni moja, Canonical, ambayo haijauweka wazi msimbo wa seva ya duka hilo. Flatpak, namna nyingine ya kufungasha programu, ni huria zaidi, na ninaelewa kwa nini watengenezaji wanaipenda: wanafungasha mara moja, programu inakwenda Debian, Fedora na kwingineko. Ila kila Flatpak inahitaji msingi wake wa maktaba, na programu ndogo ya kuchorea inaweza kudai mamia ya megabaiti kabla haijafunguka. Njia hizi zimebuniwa na watu ambao bando haliwaishii katikati ya kazi.

Ndiyo maana nataja Debian na vifurushi vyake vya zamani vya deb. Vinatumia maktaba kwa pamoja, kwa hiyo ni vidogo. Ghala zima la toleo lake moja kwa kompyuta za kawaida za biti 64 linaenea katika diski ya terabaiti 1. Yeyote anaruhusiwa kulinakili bila kuomba kibali. Zaidi ya hayo, orodha ya vifurushi vyote imetiwa sahihi ya kidijitali, ikiwa na alama ya hesabu ya kila kifurushi. Diski inaweza kutoka Dodoma kwa basi na kuingia Ushetu kwa bodaboda, ikapita mikono ya watu wengi. Kama kuna aliyebadilisha hata herufi moja ndani ya kifurushi, kompyuta itakikataa. Flashi ya fundi haina kinga hiyo.

Mkulima wa tumbaku wa Ushetu hafuati mbolea bandarini. AMCOS inaagiza kwa pamoja, mzigo unashushwa ghalani, kila mtu anachukua fungu lake. Ninachoomba kina mpango huohuo: seva moja ya Serikali kwenye Mkongo wa Taifa inayosasishwa kila siku, na diski inayosasishwa kila muhula kwa walio mbali na mkongo.

Najua utaulizwa maswali. Printa nyingine zinasumbua kwenye Linux, na jedwali tata la Excel linaweza kuvurugika ndani ya LibreOffice. Tena Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, kwa hiyo zile kongwe kabisa haitaziokoa. Haya ni kweli na yanahitaji mtu wa kuyashughulikia, hivyo diski peke yake haitoshi.

Mfano tunao. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Leo jina hilo halisikiki shuleni. Programu haikai tuli. Kila toleo jipya lina maneno mapya ya kutafsiriwa na hitilafu mpya za kurekebishwa, na mradi wenye tarehe ya mwisho huzima fedha zinapokwisha. Jimbo la Kerala nchini India lilihamishia shule zake za serikali kwenye Linux, na likadumu nayo kwa sababu lilikuwa na chombo chake cha kudumu cha kuandaa mfumo na kufundisha walimu. Naomba kwenye Mamlaka yako kuwe na wahandisi wenye ajira ambao kazi yao iliyoandikwa ni kutunza ghala hili, kufungasha programu za mtaala, kujaribu printa zinazouzwa Kariakoo, na kurudisha marekebisho yao Debian ili yawafae na wengine.

Kama nchi nzima ni mzigo mkubwa kwa kuanzia, anzeni na halmashauri tatu za Kahama: Manispaa, Msalala na Ushetu. Tuna mji wenye mtandao mzuri, tuna migodi, tuna kata ambako simu inashika ukipanda kichuguu. Mafundi wa huku tutasakinisha. Afisa TEHAMA akishapata diski, naomba aruhusiwe kumpa nakala kila atakayefika na diski yake, awe mwalimu, fundi au mwenye steshenari, bila barua na bila ada.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kompyuta,
Nyamilangano, Ushetu.

Nakala: Katibu Mkuu, TAMISEMI; Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu.