Mama mwenye mimba kubwa asilazwe chali

Wasikilizaji wetu wa Sanga, na ninyi familia mliokimbilia huku Kamina mkiacha nyumba na mashamba, leo nina neno juu ya mgongo wa mama mwenye mimba. Akilalamika, anajibiwa: "Ni mimba tu, vumilia." Jibu hilo mimi silikubali.

Mimba ikikua, uzito unamvuta mama mbele. Ili asianguke anajirudisha nyuma, na kiuno kinapinda zaidi. Mwanamke ameumbwa kwa kazi hiyo: mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa mwanamke pingili 3 za kiunoni zina umbo la kabari, kwa mwanaume ni 2. Sisi wanaume tunaojisifu nguvu tulisikie hilo! Lakini kabari hizo hazikuwekwa kwa ajili ya bidoni ya lita 20 kichwani, ambayo ni kilo 20 za maji, kila asubuhi mpaka siku ya kuzaa. Baba ukiwa nyumbani, beba wewe.

Usiku ndio kuna jambo zito zaidi. Mama akilala chali, tumbo lote linaegemea uti wa mgongo, na katikati hapo unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mshipa unabanwa. Damu inatafuta njia nyingine, inajaa katika mishipa midogo iliyo ndani ya uti, na nafasi inayozunguka neva inapungua. Mama anasikia kizunguzungu, jasho, moyo kwenda mbio. Mtoto naye anapata damu kidogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha tafiti za nchi kadhaa, ulikuta kwamba kuanzia wiki ya 28, mama walioanza usingizi wakiwa chali walikuwa na hatari ya mtoto kufia tumboni mara 2.6 kuliko waliolala kwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia haukuonyesha hatari hiyo. Ukiamka ukajikuta chali, usiogope, geuka tu. Kunja kikwembe, weka katikati ya magoti.

Najua mtasema: tunalala watu 7 kwenye chumba kimoja, juu ya mkeka, nafasi ya kugeuka iko wapi? Ni kweli. Ndiyo maana hili si la mama peke yake. Apewe upande wa ukuta, aegemeze mgongo hapo.

Wauguzi nao tuwaambie kwa heshima. Kwenye upasuaji wa kuzaa, daktari anaweka kitu chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lisibane mshipa ule. Basi kwa nini kwenye chumba cha kuzalia mama alazwe chali saa nyingi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linasema mama achague mwenyewe namna ya kukaa anapozaa. Akipiga magoti au akilala ubavu, mfupa wa mwisho wa mgongo haugandamizwi na kitanda, unaweza kusogea nyuma kumpisha mtoto. Mabibi zetu walizaa wamechuchumaa, na hawakuwa wajinga.

Mtoto akipunguza kucheza, au damu ikitoka, usibadili ubavu ukangoja asubuhi: nenda kituo cha afya usiku huohuo.

Na ninyi mnaogawa magodoro, mama wa miezi 7 kwenda juu aandikwe wa kwanza, kabla ya jamaa za wale wanaoshika orodha.