TREKTA LETU LISIUZWE KWA KILO

Ndugu wanachama na ndugu wanakijiji wote,

Jumamosi ijayo tunao mkutano mkuu wa chama. Mwisho wa orodha ya mambo ya kujadiliwa limeandikwa jambo fupi: "Mengineyo, chuma chakavu." Tusidanganyane jamani. Hicho chuma chakavu ni trekta. Ni lile letu lililolala nyuma ya ghala chini ya mkwaju tangu miaka ya themanini, ambalo kuku wamelifanya kiota na watoto wamelifanya basi la kwenda Dodoma bila nauli.

Amekuja mnunuzi wa vyuma. Hakuja na mizani. Amelizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akasema, "Hii ni tani moja, shilingi 400 kwa kilo, nawapa laki nne leo leo." Baadhi yetu wameshaanza kuzigawa hizo laki nne vichwani.

Mimi nasema tusiuze. Ila nisije nikaonekana nateta tu, nitaeleza sababu zangu moja moja, na zile za wanaonipinga nazo nitazitaja, maana baadhi zina ukweli.

Kwanza tujue tunachokiuza. Tulipokwangua kutu kwenye madigadi tulikuta rangi nyekundu chini yake. Lile ni Massey Ferguson 35 la injini ya Perkins yenye silinda 3. Injini hiyo ilianza kufungwa katika trekta za 35 mwaka 1959, na mwaka 1964 likaja la 135 kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo trekta letu lilitengenezwa Uingereza katika miaka hiyo, na umri wake umepita miaka 60. Wengi wetu tunaosoma karatasi hii hatujaufikia umri huo. Likiwa kamili lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Haya, hesabu wewe mwenyewe hiyo tani moja ya macho.

Pili, nataka kukiri jambo. Wazee wanajua kwamba mimi nilikuwa utingo wa trekta hili. Nilibeba madumu, nilipaka grisi, nilifunga plau. Siku lilipozimika kwa kukosa pampu, dereva aliniambia, "Bwana mdogo, funika ekzosi kwa kopo." Nikasema nitafunika kesho. Kesho yake nilikwenda msibani, na baadaye nikasahau. Mvua ya mwaka ule ikaingia kwenye bomba la moshi, ikateremka mpaka ndani ya silinda ambayo vali yake ilibaki wazi, ikakaa humo. Pistoni ikashikana na ukuta wake. Kopo moja la maziwa lingeiokoa injini ile. Hili sikulisema mkutanoni hata siku moja. Mlilaumu serikali, mlilaumu dereva, nami nilinyamaza. Leo nalisema hapa ukutani, kila mtu asome.

Basi msishangae kuniona kila Jumapili jioni niko pale chini ya mkwaju na vijana watano. Wengine wanacheza bao, wengine wanakwenda kwenye mpira, sisi tunacheza trekta. Wapo wanaotucheka, eti wazee wakikosa kazi hufufua maiti. Waacheni wacheke. Hatujachukua hata senti moja ya chama. Dizeli ya kuloweka, brashi za waya na msasa vimetoka mifukoni mwetu.

Hebu niwaeleze tulichokifanya, maana wengi hupita tu na kusema "bado wanasugua."

Injini ikishikwa na kutu haifunguliwi kwa ubavu. Siku ya kwanza alikuja bwana mmoja na ng'ombe wanne, akataka tuweke gia tulivute. Tukamkatalia. Ukifanya hivyo unaweza kuvunja pistoni au kupinda mkono wake, ukawa umeua kilichokuwa kinaumwa. Tulitoa nozeli zote 3, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaziba, tukaondoka. Jumapili iliyofuata tukaongeza. Wiki ya sita hakuna kitu. Wiki ya saba kijana mmoja alitia nondo kwenye meno ya gurudumu la injini akasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Ikasogea upana wa kidole. Wee! Tulipiga kelele mpaka mama mmoja akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nyoka. Leo injini inazunguka kwa mkono. Haijawaka bado, nami sitawadanganya kwamba imewaka.

Kwa bolti na nati ndogo tulitumia ukwaju. Mti wenyewe uko juu ya vichwa vyetu! Unaloweka chuma katika maji ya ukwaju mazito usiku kucha, asubuhi kutu inalegea na kutoka kwa brashi. Lakini osha upesi kwa maji ya magadi, kausha, paka oili saa ile ile, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza chai. Na springi usiziache humo, asidi inaweza kuzifanya zikatike.

Kwa vipande vikubwa tulitumia umeme. Pipa la plastiki, maji, magadi, na chaja ya betri. Waya wa chanya unafungwa kwenye kipande cha chuma kibovu, waya wa hasi kwenye kile unachotaka kukisafisha. Kutu inalegea na kubaki kama tope jeusi, chuma chenyewe hakiliwi. Ila yapo masharti. Fanyeni nje, kwa sababu hewa inayotoka humo hulipuka ikipata moto. Zima chaja kabla ya kugusa waya. Msitie chumvi badala ya magadi, msitumie chuma cha pua kwenye ule waya wa chanya, kwa maana hutoa sumu. Vitu vya alumini msiviingize kabisa, magadi yatavila.

Na vumbi nalo si la kuchezea. Rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, na bitana za breki na klachi za wakati ule nyingi zina asbesto. Tunafuta kwa kitambaa kibichi, hatupulizi. Kijana asiyefunga kitambaa puani hashiki brashi.

Sasa nije kwenye hoja za wanaonipinga.

Yupo mama mmoja, simtaji, ambaye aliniuliza kisimani mbele ya watu: "Baba, mashine ya kusaga imelala wiki ya tatu, tunabeba mahindi vichwani mpaka kijiji cha pili. Wewe unasugua kutu. Trekta lako litatusagia unga?" Nilikosa jibu. Nililala nalo swali lile. Ndugu zangu, mama yule ana haki. Mashine ya kusaga ni kwanza, trekta baadaye. Anayesema trekta litengenezwe kwa fedha za chama kabla akina mama hawajapata unga, huyo nami nampinga.

Wapo wanaosema litengenezwe ili litulimie sote kama zamani. Hapa nawaomba tutulie. Trekta hili lilikuwa na nguvu za farasi 37 hivi lilipokuwa jipya. Kulitegemea lilime mashamba ya kijiji kizima ni kumtwisha babu gunia la mahindi. Tena halina ile fremu ya kumkinga dereva likipinduka, nalo la namna hii hupinduka kinyumenyume likivutishwa mzigo vibaya au likipandishwa mlima. Kazi zake ziwe nyepesi: kuvuta trela la alizeti mahali tambarare, kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi kwa ule mhimili wa nyuma. Zaidi ya hapo ni kutafuta msiba. Na si basi la kubebea watu kwenda mnadani.

Wapo pia wanaouliza: kama halitalima, la nini basi? Nawajibu kwa historia ya hapa hapa petu Kongwa.

Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi mkubwa wa karanga. Walitaka kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni 3. Walileta trekta zilizobaki kwenye Vita Kuu ya Pili, nyingi zikiwa zimechoka. Nyingine zilitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, zikaitwa Shervick. Ardhi yetu mnaijua: ikikauka ni kama saruji. Plau zikavunjika, mitambo ikafa haraka kuliko mafundi walivyoweza kutengeneza, na spea hazikutosha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi. Zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea.

Walikosa fedha? Hapana. Walikosa mashine? Hapana. Fundi na spea havikutosha, na ardhi hawakuisoma. Sisi nasi tulirudia lile lile kwa udogo wetu. Tulipata trekta, tukashangilia, tukapiga ngoma, lakini hatukufundisha hata kijana mmoja kufungua pampu. Miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini, nchi ilipokosa fedha za kigeni na dizeli ikawa dawa, trekta likalala. Hakuna aliyejua hata kulilaza vizuri. Mtu wa kulilaza vizuri nilikuwa mimi, na kopo sikuliweka.

Ndiyo maana nasema trekta hili ni darasa. Mmoja wa wale vijana watano hakumaliza shule. Lakini yeye ndiye aliyegundua kwa nini silinda moja tu ndiyo iliyojaa kutu na mbili zilikuwa nafuu: aliangalia vali, akafikiri, akasema, "Babu, maji yalipita hapa palipokuwa wazi." Hakufundishwa na mtu. Mwezi uliopita alitengeneza pampu ya maji ya jirani, akalipwa. Mnunuzi wa vyuma akiondoka na trekta, ataondoka na darasa hilo, na laki nne zitaliwa kabla ya mwezi kwisha. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Na mjue, hili si trekta lisilo na ndugu. Yale ya 135 yaliyokuja baada yake yana injini ya ukoo ule ule, na mengine yanalima mpaka leo. Spea nyingi zinapatikana mjini. Kilichobaki kwetu ni kupeleka pampu ya dizeli na nozeli kwa fundi mwenye kipimo, gasketi, rejeta, betri na tairi 2 za nyuma. Tairi ndizo ghali, nazo si za mwaka huu. Hatuna haraka. Kutu haikuja kwa siku moja, nayo haitoki kwa siku moja.

Basi napendekeza hivi, na nitalisoma tena mkutanoni:

1. Trekta lisiuzwe. Libaki mali ya chama, liandikwe kwenye daftari pamoja na namba iliyoko kwenye kibati chake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Sisi sita tunaolitengeneza tutatoa shilingi laki moja kila mmoja, jumla laki sita, ziende moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Nusu tunatoa siku ya mkutano, nusu baada ya kuuza alizeti. Hizo ni nyingi kuliko za mnunuzi, nazo si mkopo, hatudai kurudishiwa. Tunachoomba ni ruhusa ya kuendelea kusugua.

3. Chama kisitoe fedha kwa ajili ya trekta mpaka mashine ya kusaga ifanye kazi na mkutano mkuu ukubali.

4. Kila Jumapili kijana yeyote, wa kiume au wa kike, aje ajifunze. Wasichana wawili wameuliza kama wanaruhusiwa. Nani wa kuwakataza? Spana haiulizi.

5. Likiwaka, dereva awe mmoja aliyefundishwa, na watoto wasipande.

Anayeona nimekosea aandike naye, ubao huu ni wetu sote na kalamu ipo kwa karani. Au aje Jumamosi aseme usoni pangu, sitanuna. Lakini asije kupiga kura ya kuliuza kabla hajapita nyuma ya ghala akalitazama. Mzungushe injini kwa mkono wako, usikie inavyopumua.

Na utakapofika utaona bomba la moshi limefunikwa kwa kopo la maziwa. Nililiweka mimi siku ya kwanza kabisa, kabla ya spana. Limechelewa miaka mingi, lakini lipo.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Utingo wa zamani