Kosa la mwanafunzi lisitupwe, lichunguzwe

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hukaririwa katika shule zetu, na mwanafunzi akiulizwa maana yake huieleza barabara. Ajabu ni kwamba shule iyo hiyo humfunza, kwa vitendo, kinyume chake: kwamba koleo likivunjika mara moja mbele ya msimamizi wa mtihani, uhunzi umekwisha.

Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalipotangazwa Januari 2025, waliokuwa wameufanya mtihani huo ni zaidi ya 960,000. Waliopata gredi ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo mlango wa shahada ya chuo kikuu, walikuwa takriban 246,000. Maana yake ni kuwa vijana zaidi ya 700,000 walirudi nyumbani na gredi ambayo majirani huiita kushindwa. Je, taifa laweza kuwaweka kando wana wake wengi kiasi hicho kwa hukumu ya majuma machache?

Hofu ya hukumu hiyo imetugharimu. Wizi wa mtihani ulikithiri mwaka 2015 hata matokeo ya maelfu ya watahiniwa yakafutwa, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Udhibiti ulipokazwa, waliopata gredi ya A walishuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Hata tukitenga sababu nyinginezo, pengo hilo latufundisha jambo moja: aliyefunzwa kuogopa kuanguka hatajifunza kutembea, bali atatafuta wa kumbeba.

Hebu tumtazame Mkenya mmoja aliyeanguka mara nyingi, marehemu Profesa Wangari Maathai. Wengi humkumbuka kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Wachache hukumbuka kuwa biashara yake ya kwanza ya miche, aliyoiita Envirocare, ilisambaratika katikati ya miaka ya 1970. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mitano ilikufa. Ni miwili tu iliyosalia.

Vuguvugu la Green Belt lililochipuka hapo halikutegemea ari peke yake. Lilijiwekea utaratibu: wanawake walilipwa ujira mdogo kwa kila mche ulioshika, wala si kwa kila mche uliopandwa. Hapo ndipo penye somo. Kupanda ni rahisi. Kazi ni kutunza. Kufikia mwaka aliotuzwa, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Tusisahau pia kwamba kuthubutu kuna gharama. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi ya chuo kikuu ili awanie ubunge. Akazuiwa kugombea, kazi asirudishiwe, na nyumba ya chuo akaondolewa. Mwaka 1997 aliwania tena, akashindwa. Ni mwaka 2002 ndipo watu wa Tetu walipompeleka bungeni.

Msomaji ataniuliza: mtoto wa maskini, ambaye karo yake imelipwa kwa kuuza ng'ombe wa pekee wa boma, athubutu vipi? Swali hilo ni la haki. Mwana wa tajiri akianguka huanguka juu ya godoro. Wa maskini huanguka juu ya mawe. Kwa sababu hiyo hasa, darasa lapaswa kuwa mahali ambapo kukosea ni rahisi na hakumfilisi mtu. Asiyekosea darasani, penye mwalimu wa kumwongoza, atakosea nje, pasipo na mwalimu.

Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Mtaala huu wasifiwa kwa kuwapa wanafunzi miradi ya kubuni na kujaribu. Lakini mzazi amfanyiapo mtoto mradi ili aonekane hodari, huo nao ni wizi wa mtihani kwa jina jingine. Afadhali kibuyu kilichopinda kwa mkono wa mtoto kuliko kilichonyooka kwa mkono wa fundi.

Walimu wenzangu, neno kusahihisha maana yake ni kulifanya jambo liwe sahihi. Je, tunapotia wino mwekundu na kurudisha daftari, tumesahihisha au tumehesabu makosa tu? Mwanafunzi apewe nafasi ya kuirudia kazi ile ile, aeleze alikosea wapi na kwa nini, na atuzwe kwa hatua aliyopiga. Naye mwanafunzi asilifiche daftari lake lenye makosa. Alihifadhi, alisome upya, alikabili.

Kushindwa peke yake hakumfunzi mtu chochote. Wako wanaoshindwa kila mwaka kwa njia ile ile. Anayefaidika ni yule anayerudi Kamukunji, akaitazama miti mitano iliyokauka, akauliza ilikosa nini, kisha akapanda mingine.